Haramia Mwenye Salamu Nzuri

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekaa sebuleni, soksi imevaliwa mguu mmoja. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliowahi kuhangaika na vitabu vya watoto, kati ya tangazo la mtu anayeuza kuku wa nyama na picha ya maua ya kutakiana wiki njema. "Mwalimu wetu wa Bagamoyo ametutoka. Mazishi kesho kwao Lugoba, baada ya sala ya adhuhuri." Wa kwanza kujibu aliandika Inna lillahi, wa pili akaweka viganja viwili vilivyounganishwa, wa tatu akauliza bei ya kuku. Mimi nikavaa soksi ya pili. Wasomaji wangu wa kila Jumapili mmezoea kuona nikiwasifu marehemu, halafu nikimaliza narudi zangu kwenye siasa na nauli za mabasi. Leo sifa ninazo, lakini nina aibu kubwa kuliko sifa, na nimeona niitoe hapa hapa mbele yenu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyo jirani na bahari. Yeye mwenyewe bahari hakuzaliwa nayo. Kwao ni kwenye mahindi na ufuta, na maji ya chumvi aliyaona mara ya kwanza alipopangiwa kazi. Hakujua kuogelea, na amekufa bila kujua. Jioni alikunja suruali, akashika viatu mkononi, akaingia majini mpaka magotini, akasimama hapo kama mtu aliyeitwa ofisini na hajui kosa lake. Wanafunzi wake, wengi wao watoto wa mafundi wa vyombo na wa wavuvi, walimcheka kwa adabu, maana walimpenda. Mtu huyu, asiyeweza kutofautisha jahazi na mashua, ndiye aliyeandika kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma kuhusu watoto na maharamia.

Chanzo chake kilikuwa maboksi ya msaada. Shule ililetewa vitabu kutoka ng'ambo, vyenye majalada magumu na rangi za kuvutia, na ndani yake maharamia tele: jicho moja limefunikwa, kasuku begani, mguu wa mti, bendera ya fuvu. Watoto walivipenda, na nani asingevipenda? Haikupita wiki, uwanja mzima ukajaa maharamia waliojifunga jicho kwa vipande vya mifuko myeusi ya plastiki. Ila msichana mmoja hakucheza. Alimfuata mwalimu akiwa ameshikilia ukurasa kwa kidole. Katika picha, meli ya haramia imetia nanga, na ufukweni kuna watu weusi wamekaa nusu uchi, wanashangaa. "Mwalimu, sisi ndio hawa?" Mwalimu akamwambia huenda. "Sasa mbona hawafanyi kitu?" Aliniambia kwamba swali lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na halikutoka mpaka aliponunua daftari nene, kaunta buku, na kuanza kuandika.

Namna alivyoandika ndiyo iliyonifanya nimpende. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea darasa sura aliyoiandika wiki hiyo, kisha akawapa daftari pamoja na kalamu nyekundu. Ndiyo, ile kalamu ya mwalimu. Wamsahihishe. Na watoto wale walimsahihisha bila huruma, maana mambo ya bahari walikuwa wakiyasikia tangu hawajaota meno. Aliandika kwamba chombo kilielekea upepo ulikotoka, moja kwa moja, wakamwekea alama ya kosa na maneno pembeni: upepo wa mbele chombo kinabisha, kinakwenda upande huu na upande huu. Aliandika kwamba siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, meli ya haramia ilifika mpaka mchangani Bagamoyo, na mmoja wao akaandika: "Mwalimu, saa hiyo maji yamekupwa. Meli inatembea kwa miguu?"

Mwalimu mwingine angefuta mstari akaendelea. Yeye alikaa na kosa lile siku mbili, akaona kwamba ndani yake mna kitabu kizima. Kwa hiyo katika hadithi yake, msichana wa miaka kumi na miwili na kaka zake wawili wanatoroka nyumbani kwenda kukirudisha chombo cha baba yao kilichoporwa. Wanamchokoza haramia awafukuze, wanamvuta mpaka pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kupita kawaida. Kisha wanasubiri. Maji yanaanza kupwa, na yakipwa baada ya bamvua hukimbia mbali sana. Meli inakaa mchangani, imelalia ubavu. Watoto wa mji wanatoka majumbani, wanaifuata kwa miguu, wanachukua kilicho chao. Hakuna anayepigwa risasi. Nilicheka peke yangu ofisini nilipofika hapo, na baadaye machozi yakanitoka.

Na haramia wake! Hakuwa na kasuku wala jicho bovu. Anaingia sura ya nne, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, Kiswahili kama maji ya mtungi. Anawaamkia wazee, anauliza hali ya wagonjwa, anakunywa kahawa barazani, na akiondoka chombo cha mtu hakipo. "Haramia wa kweli," msichana anawaambia kaka zake, "utamjua kwa salamu zake nzuri." Nilimuuliza mwalimu hayo ameyatoa wapi. Akaniambia, "Mwanangu, Bagamoyo watu waliwahi kupakiwa vyomboni kwenda utumwani. Unadhani waliopakia walikuja na fuvu kwenye bendera? Walikuja na adabu zao."

Mimi wakati huo nilikuwa mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo haina haja ya kutajwa, maana aibu hii ni yangu. Daftari lake aliniletea mimi, na thamani yake niliijua tangu ukurasa wa tatu. Ningekuwa sikukielewa, leo ningelala salama. Lakini tulikuwa na kamati, na katika kamati kuna mtu ambaye kazi yake ni kulinda maadili na mwingine ambaye kazi yake ni kulinda soko. Wa maadili alisema watoto hawa wametoroka kwao bila ruhusa ya mzazi. Wa soko alisema haramia asiye na kasuku hatauzika, maana watoto ndivyo wanavyomjua. Walinigeukia. Nilikuwa na maneno ya kusema, nikayameza, nikaandika barua yenye lugha tamu: mswada una mvuto mkubwa, ila mwandishi anaombwa aongeze sura ya mwisho ambamo watoto wanaomba radhi na kupewa adhabu inayostahili.

Alikuja mwenyewe kulichukua daftari. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa akiwa ameiweka barua juu ya goti.

"Hawa watoto wanaomba radhi kwa kosa gani?"

"Wametoroka nyumbani, mwalimu."

"Wamefuata mali ya baba yao. Baba mwenyewe alikuwa ameogopa."

"Kamati haitapitisha vile."

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi ni mfanyakazi tu. Alinitazama bila hasira, akamaliza maji niliyompa, akasema, "Basi nitajaribu." Baada ya mwezi hivi alirudi na daftari ndani ya bahasha ya kaki, imezungushiwa karatasi ya gundi pande zote. Dada wa mapokezi alinipigia simu ya ndani. Nikamwambia aseme niko kikaoni. Nilikuwa nakunywa chai na vitumbua viwili. Sikutaka kuuona uso wake akinikabidhi kitabu nilichokiharibu, na nilijua kwamba hata akikiharibu kwa ustadi, yule wa soko bado angedai kasuku. Bahasha ikaletwa mezani kwangu, ikakaa. Halafu ikakaa chini ya nyingine. Nilipoacha kazi ilisombwa pamoja na vitu vyangu, ikaingia boksi moja na kalenda za zamani.

Miaka kumi na saba, wasomaji wangu. Tulikutana mara nyingi, kwenye maonyesho ya vitabu, kwenye semina, mara moja kwenye harusi. Kila mara niliwahi mimi: shikamoo mwalimu, za nyumbani, miguu inaendeleaje. Naye, baada ya kuitikia yote, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na kile kitabu chetu?" Nikasema kinashughulikiwa. Hata nilipokuwa sina ofisi wala kamati, nilisema kinashughulikiwa. Subira huvuta heri, nilimwambia siku moja, na Mungu anisamehe kwa methali ile.

Tunapenda kulalamika kwamba watoto wetu hawasomi. Nimekaa kwenye makongamano mengi ambako watu wazima, shingo zimebeba vitambulisho, wanasikitikia jambo hilo mpaka wakati wa chakula cha mchana. Hatusemi kwamba tumewawekea mbele vitabu vya aina mbili tu. Aina ya kwanza imetoka mbali, na humo mtoto wa pwani yetu amekaa ufukweni anashangaa wenzake wakiishi. Aina ya pili tumeitunga sisi, na humo mtoto akinyanyua mguu tu, sura ya mwisho inamsubiri na fimbo. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na daftari moja ambamo mtoto anapanga, anathubutu na anashinda, na likaozea kwangu. Mtu wa maadili amestaafu kwa heshima. Wa soko nasikia anauza viwanja Makurunge. Mimi nilipata safu gazetini, nikawa naheshimiwa kwa kusema ukweli.

Lugoba nilifika watu wanarudi kutoka makaburini. Nilikuwa nimechelewa hata hapo. Nilipokuwa natafuta pa kukaa, mwanamke mmoja kijana alitoka upande wa akina mama, akaniamkia. Alikuwa muuguzi wa zahanati huko Mkange, na alipojitambulisha nikajua ni yule msichana wa kidole kwenye picha. "Baba, wewe ndiye mhariri?" Nikasema niliwahi kuwa. "Mwalimu aliugua miezi minne. Nikienda kumwona, nilikuwa namuuliza habari za kitabu. Alikuwa akisema kiko kwa mhariri, anakisoma." Akarekebisha mtandio wake, akaendelea. "Hakuna nakala nyingine. Tunalitaka daftari letu. Tulilisahihisha sisi."

Nililipata siku ya pili, chini ya kalenda. Gundi ilikuwa imekauka, bahasha ikafunguka yenyewe. Sura ya mwisho ilikuwepo, kurasa sita, kwa mwandiko wake ulionyooka. Watoto wamepiga magoti mbele ya baba yao. Wanalia, wanaomba radhi, wanapokea viboko vitatu kila mmoja na kushukuru. Alikuwa amejaribu kweli, maskini. Na juu ya kurasa zote sita, kutoka kona hadi kona, umepita mstari mwekundu. Chini yake, kwa herufi kubwa za mtoto: "Mwalimu hapa umeogopa mtu. 0/10. Rudia." Kisha kwa wino wa bluu, mwandiko wa mwalimu: "Ndugu mhariri, wasahihishaji wangu wameikataa sura hii, na nimeona wana haki. Naomba kitabu kitoke bila hiyo, au kisitoke kabisa. Nasubiri jibu lako, liwe lolote."

Liwe lolote. Alikuwa ameniomba neno moja tu, na "hapana" lingetosha. Angelichukua daftari lake akalipeleka kwingine, au akalisomea darasa la tano lingine, na lingine, watoto wa miaka yote hiyo kumi na saba wangelisikia. Nilidhani kumnyima jibu ni kumhurumia. Kama unashika kazi ya mtu mkononi, barua yake, shamba lake, faili lake, maombi yake, na hutaki kumpa, mwambie hapana leo, akuchukie, aende zake akiwa na nguvu. Kumwambia asubiri ni kumpora mara mbili, kwanza kitu chake, kisha siku zake, na siku hazirudishwi hata ukilipata boksi.

Nilimpigia simu yule muuguzi, nikamwambia daftari nimelipata na Jumamosi nitalipeleka Mkange mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu mwandiko mwekundu wa sura ya mwisho. "Ni wangu," alisema, na nikasikia anatabasamu kidogo. Akaniuliza kama nimelisoma lote. Nikamwambia ukweli, kwamba bahasha nimeifungua juzi.

"Sisi tulimwambia," alisema. "Tulipokua, tulimwambia, mwalimu, huyo mtu kitabu chako amekitupa, kakidai. Akatukatalia. Akasema anakujua vizuri, na mtu mwenye salamu nzuri kama zako hawezi kumdhulumu mtu."

Sura ya nne ya kitabu chake inasema kinyume, na aliyeiandika ni yeye.