Mkindu wa Mpangaji Wangu

Alphonsine amepanga chumba cha nyuma kwangu, hapa mtaani Bankoko, mwaka wa sita sasa, na bado kuna watu wanaoniuliza kama ni dada yangu. Si dada yangu. Dada zangu wananisikiliza.

Alikuja kutoka upande wa Djugu, siku zile watu walipokuwa wakikimbia vijiji. Dereva wa pikipiki alimwambia: abiria mmoja, mzigo mmoja. Mlangoni kwake kulikuwa na gunia la maharage na chungu chenye mkindu mdogo, alioung'oa zamani kwenye kichaka cha mama yake kando ya kijito. Akaacha maharage. Nilipomwona anashuka kwangu na mti wenye miiba mapajani, nilidhani vita vimemgusa akili. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua chakula.

"Maharagi ingeisha mu juma moja," akajibu, kisha akaniomba maji. Hakuyanywa. Aliyamwaga kwenye chungu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilimnyima. Marehemu mume wangu aliniachia kiwanja na sharti moja: mpangaji hapandi mti. Hapa kwetu mti ni shahidi. Jirani yetu mmoja alimruhusu mpangaji apande mti wa avoka, na miaka kumi baadaye mbele ya hakimu avoka ile iliaminiwa kuliko karatasi zote za mwenye kiwanja. Kwa hiyo siku ya kwanza nilimwambia Alphonsine: mboga kama lengalenga, sawa; mti, hapana. Hakununa, maana naye alikuwa na sharti lake. Chungu cha mkindu kisizidi mzigo wa pikipiki. Siku ya kurudi kwao ikifika, hataki kuanza kutafuta lori.

Kazi aliyonayo leo aliipata kwa domo. Alikuwa akisafisha sakafu kwenye ofisi moja ya misaada, na pale mlangoni palikuwa na mtende wa mapambo uliokuwa ukinyauka. Wakubwa walikuwa wakibishana kuhusu dawa ya kununua. Alphonsine akachomeka kidole kwenye udongo, akanusa, akasema: "Hii mti haiko na bugonjwa. Ni nyinyi munaizamisha." Na kweli, kila aliyepita alikuwa akimalizia chupa yake ya maji mle chunguni kwa huruma. Akautoa, akakata mizizi iliyooza, akatoboa chungu chini kwa msumari, akatandaza vigae, akachanganya mchanga wa mtoni na udongo wa chini ya migomba. Akakataza mtu yeyote kuugusa. Baada ya miezi miwili mti ulikuwa umesimama wima, na hoteli tatu zikamtafuta. Nimewahi kumwona mkurugenzi mzima, mwenye gari na walinzi, akijitetea mbele yake kwamba si yeye aliyemwagilia.

Nasema haya ili ujue kwamba mkindu wake ulipoanza kufa, haikuwa kwa kukosa fundi.

Ilikuwa mwaka jana, kabla ya Pasaka. Nilikuwa nafagia uani nikataka kusogeza kile chungu. Kikagoma. Nikainama, na nilichokiona kilinipandisha hasira hadi utosini: mizizi ilikuwa imepita kwenye tundu la chini na kuingia kwenye ardhi yangu.

"Weye Alphonsine! Ulipanda mti mu parseli yangu!"

Akatoka taratibu, akatazama. "Mama Élise, mi sikupanda kitu. Mizizi ilitembea yenyewe." Halafu akaingia ndani, akarudi na panga, akaikata yote mbele yangu, mmoja mmoja, akaikusanya kwenye kitambaa nisije nikasema umebaki hata mmoja. Hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyebaki pale nikihema, nimeshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha.

Baada ya wiki mbili majani yalikuwa ya njano. Akautoa chunguni. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama nywele zilizosukwa vibaya, hakuna udongo tena. Hoteli moja ikampa nusu pipa. Akalikataa, maana hakuna pikipiki itakayolibeba. Nikaona aibu. Nikamwambia aupande tu chini, yamekwisha.

"Hapana," akasema. "Sharti ni sharti. Leo unanihurumia, kesho batoto yako bataniita mwizi."

Shinani mwa mkindu ule kulikuwa na chipukizi lenye mizizi yake. Alphonsine akalipaka panga majivu, akafumba macho kidogo, midomo ikatembea, kisha akapiga mara moja. Chipukizi akalirudisha kwenye chungu. Mti mkubwa, ule uliokuja mapajani mwake, akaulaza mbele yangu.

"Huyu mama haenei tena ku piki. Mutoto ndiye atarudia kwetu. Chimba weye. Shimo ni yako, mukono ni yako, mti ni yako."

Nikachimba, mimi, na kitenge changu cha kanisani. Yeye alisimama pembeni, mikono nyuma, akiniamuru. "Tena kidogo. Basi! Unataka kuzika mutu? Usifunike roho yake, pale katikati majani inatokea. Kata majani nusu, mizizi iko michache, haiwezi kunywesha wote." Hakuugusa, hata nilipochomwa na miiba nikamwita anisaidie. Siku ile hakupika. Alikaa mlangoni na chungu chake kati ya magoti, na mimi nikampelekea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akala kidogo, akanishukuru.

Wiki tano mti haukusema kitu. Nilimwagilia alipoagiza, nikaacha aliponikemea. Nilianza kuamka nikiutazama kabla ya kunawa uso, mimi niliyekuwa nimeutukana. Niliogopa kwamba nimemuulia mti wa mama yake.

Asubuhi moja akaniita. "Shika ile jani ya katikati yenye haiyafunguka. Vuta."

"Ikitoka?"

"Ikitoka, roho imeoza. Vuta."

Nikavuta. Halikutoka. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, na ardhi ikanivuta upande wa pili. Nikaanza kulia kama mjinga, na Alphonsine akanicheka, cheko la wazi, la kwanza tangu Pasaka.

"Basi njoo uushike na weye," nikamwambia. "Mti ni wako, Alphonsine. Nitaandika. Nitaita mukubwa wa avenue yetu aweke mukono ku karatasi."

Akatikisa kichwa. "Yako, Mama Élise. Yangu iko mu chungu." Akachukua kikapu chake, akatoka kwenda kuwakemea watu wa hoteli.

Nikabaki peke yangu uani. Karibu miaka mitano nilikuwa nimemchunga asipande kitu kwangu. Asubuhi ile, ningempa kiwanja kizima apande, ili mradi asirudi kwao.