Kidonge cha Rangi Mbili

Ninyi wajukuu mnaojua kusoma, someni hili mpaka mwisho. Msiishie njiani kama mnavyofanya na karatasi za dawa.

Mimi na mdogo wangu wa Newala tunaumwa presha wote wawili. Zamani tulimeza vidonge viwili kila asubuhi. Baadaye pale Masasi wakatubadilishia: kidonge kimoja, dawa mbili ndani, upande mwekundu na upande mweupe. Muuguzi akaeleza mbiombio kwamba nyeupe inalegeza mishipa, nyekundu inatoa maji mwilini. Nikafurahi. Kimoja hakisahauliki.

Msimu wa korosho mdogo wangu akaja kwangu tubangue pamoja. Siku ya nne akalalamika kisogo kinamgonga. Siku ya sita akainuka mkekani, akapepesuka, akashika ukuta.

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza, dada."

"Apa."

Akageuzia uso ukutani. Nikaingia chumbani. Juu ya sanduku lake nikakuta kile kisu chetu kidogo cha kumenyea ngozi ya korosho, na unga mwekundu pembeni. Mtu mzima, ana wajukuu, anakwangua kidonge! Anatupa wekundu, anameza weupe.

"Hiyo ni korosho?"

"Dada, ule wekundu ndio unanikojoza. Siku nakuja, dereva wa basi alikuwa mkwe wangu. Nimwambie mkwe asimame nichuchumae porini?"

"Umeshuka basi tangu lini wewe?"

"Niliona raha, nikaendelea."

Nilitamani kumchapa. Lakini aliinuka akapepesuka tena, nikaita bodaboda.

Muuguzi yuleyule wa Masasi alipompima, akaita daktari. Akalazwa siku mbili. Mimi nimekaa kwenye benchi nahesabu pumzi zake. Tulizaliwa wengi, tumebaki sisi wawili.

"Bibi, hiki humezwa kizima," muuguzi akaniambia. "Kikikusumbua, unakuja tunabadilisha."

"Siku ile mbona hukusema?"

"Sikujua kuna mtu atakimenya."

Akacheka. Sikucheka. Umekulia huku, unatuona mikono yetu inavyomenya kila chenye ngozi, halafu hukujua?

Tuliporudi nikawakusanya watu wote wa nyumbani barazani, na mgonjwa mwenyewe kanuna. Nikasema: kisu cha korosho kilale na korosho. Na huyu atameza dawa mbele yangu, kizima, kisha afungue mdomo nione.