Mama Baragumu na Mwizi wa Kwenye Simu

Umande bado uko majanini, na Mama Baragumu amekwisha panda kichuguu kilicho nyuma ya mashine ya kusaga. Anafuta mdomo wa pembe kwa upindo wa kanga, anavuta pumzi, anapuliza.

"Haya jamani! Ukipigiwa simu ukaambiwa usimwambie mtu, mwambie mtu!"

Dirisha moja linafunguka, kisha linafungwa. Mama Baragumu, mpiga mbiu wa kijiji, anasonya, halafu anajicheka mwenyewe.

Pembe hiyo aliirithi kwa baba yake. Enzi hizo wezi walikuja kwa miguu kufuata ng'ombe, na kila nyumba ilikuwa na kijia chake cha kuziba ili mwizi asipite. Baragumu likilia, mtu aliacha chakula kinapoa. Mama yake alikuwa akitoka na mchi, nywele nusu zimesukwa.

"Raha iliyoje! Ulijua hupo peke yako," anasema, na macho yanamlenga machozi. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku hizi ikilia, watu wananipigia simu kuniuliza ni jambo gani!"

Posho anayopewa na kijiji kwa mwezi haifikii bei ya gunia la mahindi, kwa hiyo akishuka kichuguuni anakwenda kuuza nyanya. Ni kwenye nyanya hizo, mwaka jana, alipomwona jirani yake mjane akipita mbiombio, simu sikioni, kuelekea kwa wakala wa pesa. Ndani ya fundo la kanga yake mlikuwa na pesa za ng'ombe mtamba aliyemuuza ili aezeke nyumba.

"Shoga, mbona kanga umeivaa kinyume? Kuna msiba?"

"Niache. Nimekatazwa kusema."

Mama Baragumu alimshika mkono, mwenzake akajichomoa. Basi akachukua pembe akapuliza. Kimya. Akapuliza tena, akatoka fundi mwashi na mwiko wake wa saruji. Mara ya tatu, lo! Wakamiminika: rungu huku, jembe kule, kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Kapita wapi huyo mwizi?"

"Yumo kwenye simu ya huyu!"

Watu waliangua kicheko, lakini njia ya kwa wakala ilikuwa imezibwa. Mjane akakiri: kuna mtu alijiita daktari, akasema mwanawe kagongwa na gari, atume pesa za upasuaji na asimwambie yeyote. Kinyozi akampigia kijana mwenyewe. Kijana akapokea huku anatafuna.

"Nigongwe mimi? Niko hapa tunapakia saruji."

Mjane akaketi chini katikati ya barabara, akalia. Leo nyumba yake ina bati.

Sasa kifua cha Mama Baragumu kinambana, na daktari, wa kweli huyu, amemwambia apumzishe mapafu. Aliyejitolea kumpokea pembe ni mjane huyohuyo. Kila jioni anafanyia mazoezi nyuma ya nyumba.

"Bado akipuliza analia kama ndama," mwalimu wake anamtania, "ila ndama hukua."

Mama Baragumu mwenyewe hana mpango wa kuondoka kijijini hata akiacha kupuliza. Ana hamu moja tu, na anaisema akiipakata pembe.

"Nimepuliza miaka yote hii, sijawahi kuitwa. Nataka siku moja baragumu linikute jikoni, niache sufuria motoni, nitoke mbio na mwiko wangu, na mimi niulize, 'Kapita wapi?'"