Kitunguu Kibichi Kabla ya Swala

Mezani kwa watu wengine kitunguu ni kiungo. Kwetu kilikuwa wakili, na mteja wake alikuwa baba yangu.

Sisi ni watu wa Amu, yaani Lamu mjini, na samaki wa kukaanga akiletwa bila kitunguu kibichi pembeni, kilichokatwa vipande vyembamba na kukamuliwa ndimu, tunamwangalia mpishi kama aliyesahau kuvaa. Mpishi ni mimi. Niliachika, nikarudi kwa wazee wangu na sanduku moja na kisu kizuri, na kisu hicho kimekata vitunguu vingi kuliko aliyekuwa mume wangu alivyokata mboga maishani mwake. Mama hasemi kitunguu, husema kitungu, akilikata neno mwishoni kama mtu mwenye haraka. Ukimwongezea u ya mwisho anakuuliza umerudi lini kutoka bara.

Baba alikipenda kitunguu tangu zamani, lakini alikipenda kwa adabu. Alikula mchana baada ya adhuhuri, akapiga mswaki kwa bidii, akatafuna karafuu, akalala kidogo, na alasiri ikiadhiniwa kinywa kilikuwa cha mtu wa kuheshimika. Kila mtoto aliyepita chuoni kusoma Kurani analijua jambo hili: aliyekula kitunguu kibichi au kitunguu thomu asikaribie msikiti mpaka harufu imtoke, asiwaudhi wenzake. Kilichopikwa hakina neno. Mimi naona ni sheria nzuri sana, na yeyote aliyewahi kuvuka kutoka Mokowe, bara, akiwa amebanwa kwenye boti na abiria aliyekula thomu ataiunga mkono bila kusoma kitabu.

Msikiti wetu uko ng'ambo ya ujia tu. Ukisimama kwenye dirisha letu la juu unauona mlango wake, baraza iliyo mkabala nao, na uwanja mdogo ambapo watoto hucheza mpira mpaka wafukuzwe. Imamu wake alikuwa rafiki wa Baba. Walisoma chuo kimoja, wakachapwa kwa bakora moja, wakatahiriwa siku moja, na hilo la mwisho Baba alilitaja kama ushahidi wa udugu, kwa kawaida watu wakiwa wanakula. Imamu alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti nzuri, na alitokwa na jasho kama anayepanda mnazi. Baba alikuwa mwembamba, na bega lake la kulia lilikuwa adui wa upepo wowote uliotengenezwa na binadamu.

Ugomvi wao ulikuwa wa feni.

Feni mpya iliwekwa juu ya safu ya kwanza, karibu na mimbari, yaani juu ya jasho la imamu na juu ya bega la Baba. Mmoja akiingia aliiwasha, mwingine akifika aliizima. Waliongea kwa swichi. Watu wazima wawili wenye wajukuu, mmoja amehiji, waliendesha vita hivyo kwa kidole msimu mzima wa kaskazi, na waumini wakawa wanaingia msikitini na shali kwenye bega moja na kipepeo cha ukindu mkononi, wajitayarishe kwa lolote.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Imamu alikuwa juu ya mimbari katikati ya khutuba. Baba akainuka kimya kimya, akaenda ukutani, akazima, akarudi kukaa. Imamu akajipangusa uso kwa kilemba, kisha akasema kwenye kipaza sauti, ujia mzima ukasikia, "Kuna watu humu, nyumba ya Mngu waifanya ya mke wa pili. Wakiingia tu, mkono kwenye swichi."

Msikiti ukacheka. Msikiti, siku ya Ijumaa, khutubani! Baba aliporudi nyumbani uso ulikuwa umemshuka, na alipofungua mdomo kulalamika Mama akamtangulia.

"Huyo mke wa pili ni nani?"

"Hakuna mke wa pili. Ni mithali."

"Mithali yakaa mtaa gani?"

Chakula cha siku hiyo hakikuliwa kwa raha.

Sasa Baba akawa na tatizo. Kumnunia Mwislamu mwenzako zaidi ya siku tatu hakuruhusiwi, na hilo nalo kila aliyepita chuoni analijua. Kuhamia msikiti mwingine kungekuwa kutangaza ugomvi mji mzima. Kurudi safu ya kwanza hakuweza, kwa sababu kila akifunga macho alisikia kile kicheko. Siku ya tatu, jua likielekea kutua, alikuja jikoni nilipokuwa naandaa viazi, akachukua kitunguu kizima kwenye kapu, akakimenya, akakiuma kama mtu anavyouma embe. Magharibi ikaadhiniwa. Baba akatandika mswala wake sebuleni.

"Huendi?" Mama akamuuliza.

"Nina kitungu."

Ikawa hivyo. Kitunguu kabla ya magharibi, kitunguu baada ya chai ya asubuhi, kitunguu na mkate wa mofa, kitunguu na ndizi mbivu, jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Ijumaa hakuweza kuikwepa, kwa hiyo Ijumaa hakugusa kitunguu, alivaa kanzu, akapanda boti kwenda Mokowe "kununua vitungu", akaswali huko na kurudi na gunia. Mjini watu walidhani amefungua biashara. Mara mabasi yalipochelewa na vitunguu vikaadimika kisiwani, nilimwona Baba akizunguka duka kwa duka kwa wasiwasi wa mgonjwa aliyeishiwa dawa. Akaamua apande vyake. Alikata dumu la maji katikati, akajaza mchanga na samadi ya punda, akaliweka darini juu ya nyumba, akamwagilia maji ya kisima chetu chenye munyu. Vikaota majani marefu, mazuri, ya kijani, lakini chini ya majani hapakuwa na kitu. Mama aliyakata akayatia kwenye mayai, akasema ibada ya Baba inafanana na mimea yake.

"Mzee wangu amepata mufti mpya," aliwaambia wageni. "Akaa kapuni."

Kwa Baba mwenyewe hakuwa mpole hata hivyo. "Wamfanyia hila Mngu, na kitungu?"

"Miye sikununa na mtu. Nimekula kitungu. Sharia ndiyo inikatazayo."

Nilicheka sana miezi hiyo, sikatai. Lakini ilikuwa inauma pia. Zamani, baada ya isha, wawili hao walikaa kwenye baraza ya mkabala na msikiti wakinywa kahawa na kusengenya waliokufa, kwa kuwa walio hai waliwamaliza mapema. Sasa imamu alitoka msikitini, akaiangalia ile baraza tupu, akaenda kwake. Na Baba alikuwa dirishani juu, nyuma ya pazia, anamwangalia akienda. Alidhani hatumwoni. Nilitamani kumshika mkono nimshushe ngazi kwa nguvu, lakini baba hashikwi mkono namna hiyo.

Siku moja baada ya alasiri ikapigwa hodi. Sauti ilijulikana. Baba alikuwa sebuleni na kikombe cha chai, kinywa safi kabisa. Akaruka mpaka jikoni kwa kasi ambayo bega lake halikuwahi kuiruhusu, akarudi na kitunguu, na imamu alipomaliza kuvua viatu Baba alikuwa anatafuna, machozi yanamtiririka.

"Karibu, Maalim," Mama akasema. "Mwenzako yuko kwenye dawa."

Imamu akaketi, akapepea uso kwa mkono. Alikuwa anahema, ngazi zetu ni za kupandwa na paka.

"Ndugu yangu," akasema, "feni nimeizima. Tangu yuzi. Ndoo msikitini uswali."

Baba akameza. Kicheko cha msikiti mzima alikuwa hajakisahau. "Ulipowatekesha watu ulikuwa yuu ya mimbari. Leo waya kunambia kwa siri, nyumbani kwangu?"

"Wataka nikasome khutuba ya feni?"

"Fupi tu."

Na imamu akacheka. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa kucheka, tumbo lilitangulia kabla yake. Lakini kwa Baba kile kilikuwa kicheko cha pili. Akauma kipande kingine, akageuza uso ukutani. Imamu akakaa kidogo, akanywa chai niliyomletea, akamwombea dua mwenye nyumba kwa sauti ili mwenye nyumba asikie, akateremka taratibu huku ameshika ukuta. Nilimwambia Baba siku hiyo kwamba amekosea. Akanijibu niangalie wali.

Sitasema zilipita siku ngapi, si nyingi. Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, Baba anafuta sahani ya kitunguu kwa kipande cha mkate, simu yangu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe kwenye kundi la mtaa. Kabla sijasoma, kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Inna lillahi. Imamu wetu alikuwa amejinyoosha baada ya adhuhuri na hakuamka. Maziko leo leo, baada ya alasiri.

Baba alikaa na kile kipande cha mkate mkononi. Kisha akainuka, na sijapata kuona mtu akisafisha kinywa vile. Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu, akasukutua, akatafuna karafuu, akatafuna tambuu, akanywa maziwa, akanywa kahawa chungu, akarudia mswaki. Akamjia Mama, akaufungua mdomo mbele yake kama mtoto.

Mama akanusa. "Bado."

Akarudi kusukutua. Akanijia mimi. Nilitaka kusema uongo, Mungu shahidi, nilitaka kabisa. Lakini mwenyewe alikuwa anajua, ndiyo maana aliuliza.

"Bado, Baba."

Hapo akalia. Alilia wima, mdomo wazi, ndani ya kanzu nyeupe aliyokuwa ameshaivaa, na sisi wawili tukawa hatuna pa kuangalia.

Mtu atasema angeingia tu. Siku hiyo msikiti ulijaa udi na kafuri, nani angenusa? Lakini Baba alikuwa ameshikilia mbele ya mji mzima kwamba kinachomzuia ni sheria. Akiingia na kitunguu leo, basi sheria haikuwahi kumzuia hata siku moja, na zile jioni zote alizokaa nyuma ya pazia zilikuwa za kiburi tu. Hakuweza kulibeba hilo na msiba kwa pamoja. Akateremka, akaenda kukaa peke yake kwenye baraza, mkabala na mlango, huku watu wakimpita kuingia ndani. Mama na mimi tulikuwa dirishani. Wengine walimpa mkono wa pole, wengine wakajifanya hawakumwona.

Alasiri ikaswaliwa. Jeneza likawa ndani. Tukasubiri kusikia takbiri, hatukusikia. Badala yake akatoka mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye ndevu, akasimama mbele ya Baba. Ujia wetu ni mwembamba, kila neno lilipanda mpaka juu.

"Ami, babangu aliusia umswalie weye."

Baba akamwangalia. "Aliusia lini?"

"Siku aliyotoka kwenu."

Baba akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, "Nina kitungu."

Yule mtoto wa marehemu akarudi ndani. Mama akalishika pazia kama analiangusha. Kukawa na minong'ono mlangoni, mmoja akisema hivi, mwingine akisema vile, na nikadhani wanatafuta wa kushika nafasi yake. Mara watu wakaanza kutoka. Wakatoka wote, wakikanyagana, wakitafuta viatu, huyu amevaa ndara ya yule, wazee wakigombana na malapa yao, na katikati yao jeneza juu ya mabega. Wakalileta uwanjani, mahali pa watoto pa mpira, wakaliweka chini kwenye jua. Wakapanga safu nyuma yake. Nafasi ya mbele wakaiacha wazi, na hakuna aliyemwita.

Baba akashuka barazani. Alitembea kama mtu anayeogopa kuteleza. Akasimama mbele ya jeneza, akainua mikono.

Takbiri ya kwanza ilitoka na mikwaruzo. Ya pili na ya tatu zilikuwa nzuri zaidi. Akapiga ya nne. Baada ya ya nne ni dua fupi, kisha imamu anageuza uso kulia kutoa salamu na swala imekwisha, watu wanabeba jeneza wanakwenda. Baba hakugeuka. Alisimama mikono imefungwa kifuani, ameinamisha kichwa, midomo inakwenda. Jua liliwachoma. Mtu akakohoa. Safu ya nyuma wakaanza kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha, na yeye hakugeuka.

"Amesahau," nikamwambia Mama. "Wangemshtua."

Mama hakuiondolea macho ile kanzu nyeupe.

"Wawate wale wawili," akasema. "Wasemezana."