Katibu Aliyelaumiwa kwa Misiba Iliyochelewa

Katibu wa zamani wa chama chetu cha kufa na kuzikana kule Temeke amefariki. Alikufa Ijumaa asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri, nami nikapata habari Jumapili, nikiwa nyumbani Kimara nakunywa chai. Tangazo lilinijia kwenye simu likiwa limebanwa kati ya picha ya keki ya harusi na video ya paka anayecheza muziki. Sikulia. Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi.

Alikuwa karani mstaafu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Kwa miaka mingi, mtu akifa mtaani, yeye ndiye aliyeandika kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni jina la marehemu, nyumba yenye msiba na saa ya maziko. Sisi tuliohama, wengine Kigamboni, wengine Kinyerezi, tuliutegemea ukurasa ule kuliko simu za ndugu. Kisha wenye mtandao wakaamua kuupamba. Tukaamka siku moja tukakuta vitufe vimehamishwa, rangi zimebadilishwa, na habari hazifuatani tena kwa saa zilivyoandikwa. Kinachotangulia ni kile kinachochekesha wengi. Tulinung'unika wiki nzima, tukatukana, tukazoea. Ila msiba hauchekeshi mtu, kwa hiyo matangazo ya katibu yakawa yanatufikia marehemu ameshazikwa.

Alipofariki fundi cherehani wa mtaani, waliofika makaburini walikuwa wachache mno, na waliobeba jeneza walilibeba mwanzo hadi mwisho bila wa kuwapokea bega. Kwetu hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Kikaoni kaka wa marehemu alisimama. "Katibu, ndugu yangu umemzika kama maiti ya kuokotwa. Mtaa wote huu, watu hawakujua?" Nami, kwa kimbelembele changu, nikadakia: "Mzee, kama kazi imekuelemea si useme tu, tumpe mwingine?" Watu wakaguna kuniunga mkono. Yeye akajibu, "Nimewasikia," akakaa.

Kikao kilipokwisha akanivuta pembeni, akanionyesha simu yake. "Tazama hapa, mwanangu. Mie nimeandika saa kumi na mbili asubuhi, siku ileile. Wewe umeletewa lini?" Nikafungua yangu, nikatazama, nikaona haya. "Siku ya tatu, mzee." Akatikisa kichwa. "Haya. Basi waambie wenzio, maana nikisema mie wataona najitetea." Nikamwahidi kwamba kikao kijacho nitasema.

Aliwaandikia wenye mtandao, akaandika tena, akajibiwa kila mara kwa maneno yaleyale ya kumshukuru kwa maoni yake. Mwisho akanunua daftari, akaorodhesha namba zetu, akawa anatupigia mmoja mmoja: "Kuna msiba, andika saa." Kikao kilichofuata sikwenda. Cha baada yake nilikwenda, nikanyamaza, kwa sababu kusema kweli kungenilazimu kuyameza maneno yangu mbele za watu. Siku hiyohiyo wakamchagua katibu mwingine, nami nikanyoosha mkono pamoja nao.

Jumatatu nilikwenda kuhani. Binti yake alinipokea, akaniwekea kiti. "Tulibandika kwenye ukurasa, baba mdogo. Tukajua mmeona." Nikamwambia sikuona. Akasema, "Baba alikuwa akikuulizia. Hata alipoacha kwenda kikaoni, watu wakirudi alikuwa akiwauliza, 'Yule bwana wa Kimara kasema lolote?'"

Tangu siku hiyo nimetafakari kwa nini tulimshika koo yule mzee. Waliopangua ukurasa hatuwajui, hawana mlango wa kugonga wala kikao cha kuwasimamisha, na katibu alikuwa karibu, mpole, anayeitika akiitwa. Nadhani ndivyo tunavyoishi siku hizi: mambo yanaharibiwa na watu wa mbali, na anayelipa ni jirani. Lakini hilo haliniondolei langu, kwa sababu wenzangu walimlaumu kwa kutojua, mimi nilikuwa najua. Msomaji, ukimwona mtu analaumiwa bure na ushahidi unao, sema angali hai. Mimi nitasema kikao kijacho, na nyumbani kwake hapatakuwa na wa kupelekewa habari.