Chama cha Kunukuana

Katika idara yetu ya kilimo hapa Kakamega, wasomi wazima, watu wa digrii tatu tatu, waliketi wakaunda chama. Kilikuwa cha mzunguko, kama vile vya akina mama wanaochanga kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao mchango wote. Tofauti ni kwamba akina mama huondoka na sufuria au mabati. Hawa wangu walichangiana sifa. Zamu yako ikifika, kila mwanachama anayeandika makala sharti akunukuu, awe anaandika kuhusu nyuki au kuhusu mitaro ya maji machafu. Majina nayo yaliazimwa: mmoja aliandika, wengine wakajipanga chini ya kichwa cha makala kama wageni wasioalikwa harusini. Basi hapo mmeshirikiana, na ushirikiano una alama zake wakati wa kupandishwa vyeo.

Sijawahi kuona upuuzi unaotendwa kwa nidhamu kama ile. Watu walioshindwa kufika darasani kwa wakati hawakuchelewa hata mara moja kumnukuu mwenzao. Asubuhi, kabla ya chai, walifungua kurasa zao mtandaoni kuona kama hesabu imepanda, jinsi mtu anavyochungulia kiota cha kuku anayetaga. Aliyenukuliwa sana alipita katikati ya ujia, kifua mbele, na sisi wengine tukaambaa ukutani. Debe tupu haliachi kuvuma, na idara yetu haikukosa madebe.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Nilikuwa nimefundisha hadi sauti inakauka, na waliokuwa wanafunzi wangu walikwisha kunipita. Faili langu haliwezi kufika mbele ya jopo bila saini ya mwenyekiti wa idara, na mwenyekiti ndiye aliyekianzisha chama.

Kumnukuu kungenigharimu sentensi moja. Shida ni kwamba tulikuwa tunatafiti jambo lilelile: kayongo, gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi mpaka yanabaki kimo cha goti. Makala yake maarufu ilidai kwamba majivu ya makapi ya miwa yanaliangamiza. Niliisoma mwanzo hadi mwisho, na nadhani ni mimi peke yangu niliyefanya hivyo. Jedwali lake mwenyewe lilionyesha kayongo limeota penye majivu sawasawa na pasipo majivu. Kisha kwenye hitimisho, bila kupepesa macho, akatangaza ushindi. Wanachama hawakufika kwenye jedwali. Walichukua jina lake na sentensi ya kwanza, wakaenda zao.

Ningecheka tu kama mambo yangeishia maktabani. Lakini makala inayonukuliwa na wengi huaminiwa, na maafisa wa kilimo wakaanza kuihubiri vijijini. Nilipokwenda Lugari kwa utafiti wangu nilimkuta mama mmoja amekodi lori kusomba majivu kutoka upande wa Mumias. Shamba lilikuwa jeusi kwa majivu na zambarau kwa kayongo.

"Mwalimu," aliniuliza, "ama niliweka kidogo?"

Nilimwambia asiongeze hata kiganja. Hasira niliyorudi nayo mjini sijaimaliza hadi leo.

Mwaka huohuo mwenyekiti akawa profesa, kwa wingi wa nukuu. Akatualika nyumbani kwake Shieywe. Obusuma, yaani ugali wetu, ulikuwepo, ingokho, kuku wa kienyeji, ilikuwepo, na hotuba zilikuwepo, ndefu, zote zikiitaja hesabu yake mpya. Kila aliyesimama aliisifu ile makala, na hakuna aliyetaja kayongo. Mmoja alisema imeleta mapinduzi katika ufugaji wa ng'ombe. Profesa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaipokea hiyo pia.

Baada ya chakula alikuja kuketi kando yangu, bado anatafuna firigisi aliyopewa kwa heshima ya siku yake.

"Daktari, wewe unajitenganga sana," alisema. "Hapa sisi tunasaidiananga. Faili yako iko kwangu, na mimi sina shida nayo. Lakini umeandika makala mpya ya kayongo, na mimi sijioni hapo. Niweke hata mara moja tu. Kesho naweka saini."

Nilikitaka kile cheo, nisidanganye. Nilikitaka hata pale, mkono wangu ukiwa bado na mafuta ya kuku wake.

"Watu wote wamenukuu," akaendelea. "Wewe shida yako ni nini?"

"Shida yangu, Profesa, ni kwamba niliisoma."

Akaacha kutafuna. Nilitarajia aone aibu, au afoke. Hakuona aibu wala hakufoka. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo hakujua kwamba watu hulifanya.

"Yote?" aliuliza.

Nikamwambia yote, pamoja na jedwali. Hapo ndipo alipokasirika. Faili langu halijaondoka mezani kwake, nami ningali mhadhiri wa kawaida katika idara iliyojaa maprofesa.