Nilihamisha game ya uvuvi kwenda engine nyepesi, nikamwacha pacha wangu

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, ingekuwa chai ningeitia sukari.

Mimi ni Butoyi, doto, nipo Mwanga hapa Kigoma. Kurwa wangu Bukuru alizama ziwani upande wa Mwamgongo. Mwili haukupatikana, na tangu hapo Mama hakutaja tena jina lake.

Nikaamua kutengeneza game: pacha wawili mtumbwini wanavua dagaa. Sauti ya Bukuru nilikuwa nayo kwenye simu, akiniita, "Butoyi, vuta!"

Nilianza na engine kubwa, yaani programu ya kuundia game. Aisee, maji yake unaweza kuyanywa! Ila laptop ililia kama mashine ya kusaga, na game ikagoma kufunguka kwenye simu za kawaida.

Nikahamia engine ndogo ya bure. Maji unayachora mwenyewe, jasho linakutoka, lakini file jepesi. Kwa simu zetu hizi, ndogo inashinda, msidanganywe na picha.

Ili kupunguza uzito zaidi nikamtoa mvuvi mmoja. Nikamtoa Bukuru, pamoja na sauti yake.

Kwetu pacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja shati, mwenzake naye apate, hata kama ameshafariki. Nalijua hilo tangu utotoni, na siku ile halikunijia kabisa.

Mchana nikampelekea Mama kwenye meza yake ya mawese ajaribu. Akavaa earphone, akacheza, kisha akauliza kwa nini Bukuru analalamika kwamba amechoka kuvuta peke yake.

Nikavaa mimi. Maji tu.

"Mama, Bukuru sikumuweka."

"Ndicho anacholalamikia."

Nikapekua project nzima, hakuna kitu.

Nikamrudisha kwenye mtumbwi, na sauti yake kila wavu ukivutwa. Nikampa Mama tena, safari hii bila earphone. Simu ikaita, "Butoyi, vuta!" hadi mteja wa mawese akageuka.

Mama akatabasamu. Akasema, "Bukuru ametulia sasa. Halalamiki tena."

Jioni ile alikula akashiba, akalala mapema. Nilifurahi na niliogopa, sijui kipi kilizidi.

Funzo: pima engine kwa simu ya mtu utakayempa, na kabla hujapunguza uzito angalia unamtoa nani.

Wataalamu wa sauti karibuni, hata wa kubisha. Mama hamsikii tena akilalamika. Mimi namsikia, na leo game sijaifungua.